Mkubwa wa Mbabula

Jumatatu, 5 Juni 1995

Baridi. Kiangazi kimeingia Likasi pamoja na vumbi lake jekundu. Hakuna kazi, hakuna chai. Kiwandani wametuambia turudi mwisho wa mwezi. Hawakusema mwezi gani.

Mwadi, mke wangu, amerudi kutoka soko la Kikula na habari. Anauza vitumbua pale, kwa hiyo anasikia kila kitu. Mama Georgette, mjane wa fundi chuma, mwenye karakana ya mbabula, majiko yetu ya makaa, ng'ambo ya reli, anatafuta mtu. Si fundi. Mafundi anao. Anataka mtu wa kujua wanawake wanahitaji mbabula ya namna gani, kisha awaambie mafundi wafue ipi kwanza na ipi waache. Malipo ni unga kila wiki. Kazi yenyewe haina jina. Watu wa karakana wanaiita mkubwa wa mbabula.

Mkubwa. Nimelirudia neno hilo peke yangu uani mara kadhaa. Linanikaa vizuri.

Ni kweli, sijawahi kutengeneza mbabula. Wala sijawahi kuiwasha. Moto wa makala na moshi ni mambo ya Mwadi. Lakini nimefikiri hivi. Kazi hii haikuwapo jana. Kwa hiyo hakuna mtu Likasi nzima mwenye uzoefu nayo. Kwa hiyo mimi na wengine tuko sawa, isipokuwa mimi nina tai.

Mwadi alitaka kunieleza kinachomsumbua kwenye mbabula yake. Nilimwomba asubiri. Nilikuwa nafikiri.

Jumanne, 6 Juni

Nimevaa tai. Viatu nimevipaka mafuta ya vitumbua, kwa sababu dawa ya viatu iliisha zamani. Mbwa wamenifuata mpaka reli.

Nilipofika karakana nikamkuta Urbain ameshakaa kwenye benchi. Urbain. Miaka yetu yote ya kiwanda tulikuwa ofisi moja, yeye karibu na dirisha, mimi karibu na mlango, kwenye upepo. Sijui nani aliamua vile. Alinisalimia kwa upole, akasogea nipate nafasi. Mtu wa hatari.

Mama Georgette ana mwili mkubwa na sauti ndogo. Aliniuliza nimefanya kazi gani maishani. Nikasema nilikuwa msimamizi wa bidhaa. Bidhaa gani? Shaba, nikasema. Kwa kweli nilikuwa nagonga muhuri kwenye karatasi za shaba ambayo imeshaondoka. Lakini karatasi bila muhuri si karatasi. Karibu ni kitu kimoja.

Akanitazama kidogo, halafu akauliza: "Ku ile kazi, papa Casimir, weye ulikatalaka nini? Kitu gani ulisema apana, hii tusifanye?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali la kukataa. Nikamjibu kwamba mimi si mtu wa kuwavunja watu moyo. Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama daktari anayesikiliza kifua kibovu.

Urbain alipoulizwa uzoefu wake, alisema hana. Hivyo tu. Hana. Niliona haya kwa niaba yake.

Mama Georgette akaamua. Kila mmoja wetu aelewane na mafundi, atoe mbabula moja. Siku ya Jumamosi mbabula zote mbili zitapelekwa sokoni, na wanawake wachague. Atakayechaguliwa ndiye mkubwa.

Nimerudi kwa miguu, mimi na mbwa.

Jumatano, 7 Juni

Nimechora tangu asubuhi. Mbabula ya watu wote ina kinywa kimoja. Yangu ina vitatu: kimoja cha bukari, ugali wetu, kimoja cha mboga ya sombe, kimoja cha maji ya chai. Droo ya majivu. Bomba dogo la moshi. Miguu mirefu, ili mama apike akiwa amesimama, kwa heshima. Ndoano ya kutundikia mwiko.

Nimempelekea Germain, fundi mkuu, mzee ambaye kope zake ziliungua siku nyingi na hazikuota tena. Aliigeuza karatasi mara mbili, akauliza nani ameomba kitu hiki. Nikasema soko. Akauliza nani sokoni. Nikasema soko zima. Akasema bati la pipa moja halitatosha. Nikamwambia atumie mapipa mawili; ukubwa hauogopi mapipa.

Mwadi ameniuliza kama nisingependa kwanza kuongea na wenzake wanaopika pale sokoni. Nikamwambia mgonjwa haulizwi dawa. Aliendelea kupuliza moto wake, ambao ulikuwa unatoa moshi mwingi kuelekea kwangu.

Alhamisi, 8 Juni

Nimekwenda Kikula kumpeleleza Urbain. Nimejificha nyuma ya magunia ya makala.

Nilichokiona: Urbain amekaa juu ya kreti katikati ya wanawake, kofia mapajani, kama mgeni wa msiba. Anamuuliza mama mmoja leo asubuhi mbabula yake ilimsumbua wapi. Halafu ananyamaza. Mama anaongea, anamaliza, na Urbain bado amenyamaza, basi mama anaanza tena, na sasa ndiyo anasema mambo yenyewe. Moshi. Majivu kwenye samaki wa jirani. Sufuria inayozunguka mtu anaposonga bukari. Anahamia kwa mwingine. Vilevile.

Huo si ukubwa. Huo ni uvivu wa kukaa. Lakini niliona wanavyomtazama. Unga wa kila wiki. Mwanangu Reine ameshatoboa mkanda wake wa shule tundu jingine.

Basi nimefanya jambo. Nimekwenda karakana, nikamwambia Germain kwamba Urbain amenituma. Kwamba amebadili mawazo kuhusu miguu ya mbabula yake. Anaitaka mifupi, mifupi sana, kama ya bata. Germain akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia Urbain amesisitiza.

Dhamiri ilinisumbua kidogo, wakati wa kunawa makala usoni. Maji yalikuwa baridi pia.

Ijumaa, 9 Juni

Mbabula yangu imekamilika. Wanaume wawili waliibeba mpaka nyumbani, wakipumzika njiani. Watoto wa mtaa walitufuata. Nilitembea mbele.

Nilitaka Mwadi awe wa kwanza kuitumia. Alikuwa anakaanga vitumbua vya kesho kwenye mbabula yake ya zamani, akasema amalize kwanza. Nikamwambia mke wa mkubwa hapiki kwenye mbabula iliyopinda. Alinitazama, amechoka, akahamisha karai la mafuta.

Kwa muda ilikuwa nzuri. Moto katika vinywa vitatu. Kisha bati likapata joto, na mguu mmoja ukaanza kukunjika, taratibu, kama mtu anayesinzia kanisani. Niliuona. Niliuona na nikabaki nimesimama nikifikiri kwamba ungeacha.

Mafuta yote chini. Mkono wa kushoto wa Mwadi pia.

Hakupiga kelele. Alikaa chini, akaushika mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyempa amshikie. Danielle, jirani yetu, alikuja mbio na ndoo ya maji, akamwagia, akamwagia tena, halafu akampeleka kwenye zahanati. Mimi nilibaki na watoto. Reine alinyunyiza mchanga juu ya mafuta bila kuambiwa. Merdi, mdogo wake, aliniuliza mama atauza nini kesho.

Mwadi amerudi na bandeji mpaka kwenye kiwiko. Hakunitukana. Ningependelea anitukane. Nilitaka kuandika kitu hapa kuhusu mkono ule, nimekaa na kalamu, na sijui kuandika mambo kama hayo.

Ua wetu hauko sawasawa. Una mteremko. Nadhani shida ni hiyo. Sokoni kuna saruji.

Jumamosi, 10 Juni

Wazee wa kambi ya kiwanda bado wanaiita Jumamosi siku ya posho. Posho yenyewe wameisahau sura.

Germain alinyoosha mguu uliokunjika, akaukaza kwa waya. Tulizipanga mbabula zote mbili kwenye saruji, karibu na wauza unga. Yangu ilisimama kama kanisa. Ya Urbain ilikuwa chini pale, pana, miguu ya bata, aibu tupu. Urbain alipoiona alishangaa. Alifungua mdomo. Mimi niliangalia wauza unga.

Wanawake wakaja. Mmoja aliuliza kama yangu ni kiota cha kuku. Mwingine alitaka kujua kama bomba ni la redio. Nikaeleza habari ya vinywa vitatu, kwa sauti ya ofisi. Mama mmoja mnene, muuza samaki, alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Papa," akasema, "ku nyumba niko na midomo munane. Unaniletea ingine tatu?"

Soko lilicheka. Halikucheka kwa ubaya. Nadhani ndiyo maana iliniuma. Kisha mwenzake akaeleza, kwa huruma, kwamba siku hizi wanapika mara moja, sufuria moja, na makala wananunua kwa mafungu madogo. Vinywa vitatu vingekula makala ya wiki kabla maji hayajachemka.

Wakahamia kwa ile ya Urbain. Muuza samaki akaweka sufuria, akakaa kwenye kigoda chake, akakamata mwiko, akasonga hewa kwa nguvu. Mbabula haikutikisika. Akasonga tena. Wakaanza kusukumana kuijaribu. Iko chini, haianguki, mtoto hawezi kuipindua. Ile miguu, wakasema. Nani alifikiria ile miguu?

Urbain alisema ukweli, kama kawaida yake. Si yeye. Yeye aliomba miguu mirefu na minene. Wote wakamgeukia Germain. Germain akasema neno la miguu mifupi lililetwa na papa Casimir.

Nilifikiri nimekwisha. Lakini Mama Georgette alinijia na macho yenye maji, akanishika mkono mbele ya soko lote, akasema hajaona mtu wa moyo kama huu: kumsaidia mpinzani wake na kunyamaza. Wanawake wakapiga makofi.

Urbain ndiye mkubwa. Mimi nimesifiwa kwa wema. Sikumbuki kuumizwa namna hii na sifa.

Jumapili, 11 Juni

Misa. Mwadi alikaa kwenye benchi la mbele, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni. Wanawake walipanga foleni kumpa pole. Mimi walinipa pongezi.

Baada ya misa Urbain alikuja nyumbani na chupa ya mafuta kwa Mwadi, aanze tena vitumbua vyake. Nikaitafuta hila ndani ya ile chupa, nikaishika kwenye mwanga. Mafuta tu.

Akaniita pembeni. Akasema amemwomba Mama Georgette anichukue nifanye kazi naye, niwe naenda kwa wanawake mtaa kwa mtaa, niwaulize, nisikilize, nimletee. Nitapata unga pia, mdogo kuliko wake. Nikamshukuru kwa kutambua msaada wangu.

Aliangalia viatu vyake.

"Casimir, miye najua hukufanya vile juu ya kunisaidia," akasema. "Germain alinielezea. Lakini batoto yako banakula nini?"

Uani, Merdi alikuwa anachuma majani ambayo si ya kuliwa, anayanusa. Nikamwambia Urbain kwamba nitalifikiria. Moyoni nilikuwa nimekubali kabla hajafika kwenye ukuta wa miti wa ua wetu.

Jumanne, 13 Juni

Siku ya kwanza. Urbain aliniagiza mambo mawili: uliza, nyamaza. Usiahidi kitu.

Nilianza vizuri. Mama wa kwanza nilimuuliza, nikanyamaza. Alizungumza juu ya mume wake, ambaye amekwenda Lubumbashi kutafuta kazi na hakurudi, na mbabula hakuitaja mpaka jua likapanda. Nilinyamaza mpaka taya zikaniuma.

Kwa mama wa pili, nilijitambulisha vizuri zaidi. Nilisema mimi ni mkubwa wa mbabula. Alinipa kiti. Hakuna mtu aliyenipa kiti tangu kiwanda kiliposimama. Akasema angependa mbabula yenye vinywa viwili. Ningemwambiaje hapana, nikiwa nimekaa kwenye kiti chake? Nikasema ataipata.

Muuza mikate alitaka yenye tanuri chini. Ataipata. Mama Camille wa mgahawa alitaka yenye magurudumu, ili aiingize ndani mvua ikinyesha. Nikamwambia hata breki tutaweka. Alinimiminia chai yenye sukari. Mwingine alitaka ndogo ya kubeba kwenye baiskeli. Mwingine kubwa ya harusi. Wote watapata.

Nimerudi na shibe ya chai. Siku nzuri kuliko zote za mwaka huu. Urbain aliuliza nimesikia nini. Nikamwambia watu wanatupenda.

Alhamisi, 15 Juni

Wanawake wamekuja karakana. Si mmoja mmoja. Pamoja.

Kila mmoja alikuja kuchukua ya kwake. Muuza mikate alikuwa ameshauza mbabula yake ya zamani, kwa kuniamini, na leo hakuoka kitu. Mama Camille alikuja na magurudumu ya gari la mtoto, amekwisha kuyanunua. Mafundi waliacha nyundo. Germain alikaa juu ya pipa, akajifunika uso kwa kofia.

Nilieleza kwamba mambo mazuri yanahitaji subira. Muuza mikate hakupiga kelele. Aliniuliza tu, kwa sauti ya chini, subira anaipaka kwenye mkate gani.

Urbain alizungumza nao mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja alimwomba radhi, na kila mmoja alimwambia hapana, hatutatengeneza hiyo, tunatengeneza ya miguu mifupi, basi. Nilishangaa kwamba hawakumchukia. Muuza mikate akaazimwa mbabula ya karakana yenyewe.

Walipoondoka, Mama Georgette aliniita chini ya kibanda. Hakuwa na hasira. Alionekana amechoka kama sisi wote.

"Papa Casimir," akasema, "kusema ndiyo, kila muntu anaweza. Bwana wangu alisemaka ndiyo kwa kila muntu, na mpaka leo niko nalipa ndiyo yake. Kazi ya huku iko ya kusema apana. Weye hauwezi. Si mubaya. Lakini hauwezi."

Akanipa unga wa wiki nzima, ingawa wiki haijaisha. Nilitaka kuukataa. Niliupima kwa mikono, nikaubeba.

Urbain alinisindikiza mpaka reli. Hakusema kitu, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba kunyamaza kwake si hila. Ni kuchoka tu. Tulipeana mikono. Mkono wake ulikuwa na malengelenge.

Ijumaa, 16 Juni

Nimelala. Tumekula bukari. Mwadi alisonga kwa mkono mmoja, Reine akishika sufuria isizunguke.

Jumamosi, 17 Juni

Habari kubwa. Hénoc, mwimbishaji wa kanisa la maombi pale kwenye kona, aliyerudi juzi kutoka Mulungwishi, anaanzisha karakana ya sabuni. Ana mawese, ana soda kali ya sabuni, ana masufuria. Anatafuta mtu wa kumwambia atengeneze sabuni ya namna gani.

Nimekwenda mara moja, na tai. Nimemwambia nina uzoefu wa kazi hiyohiyo kwa bidhaa nyingine, na kwamba ile mbabula ya miguu mifupi inayogombaniwa Kikula ilitoka kichwani mwangu, jambo ambalo lina mashahidi. Akasema nirudi Jumatatu nimwonyeshe mawazo yangu.

Sijawahi kutengeneza sabuni. Lakini nimeliona kosa langu la mbabula, na halitarudi: bati lilikuwa jepesi. Sabuni haina bati.

Mchana kutwa nimekaa mlangoni nachora. Sabuni ya kawaida ni kipande tu, haina cheo. Yangu itakuwa na mshikio kama jagi. Na tundu katikati la kupitishia kamba. Pengine na mfuniko.

Mwadi alikuwa amechuchumaa mbele yangu na beseni, anafua nguo za watoto kwa mkono wake mmoja, anasugua, anapumzika, anasugua. Alianza kuniambia kitu. Nilimwomba asogee kidogo kushoto. Alikuwa ananizibia mwanga.